Pepo wa Kihispania

Mutrah, Maskati
15 Shawwal 1390 (14 Desemba 1970)

Dada yangu mpenzi Mahbuba,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili kabla sijasema lolote, na naomba barua hii ikukute mzima wewe, shemegi na watoto, na lile goti lako lisilopatana na mvua za Mombasa liwe limetulia. Sisi huku, alhamdulillahi, hatuna la kulalamikia. Suud wangu mzima, binti yetu Masouda mzima, na mama mkwe wangu Bi Bakhita ndiye mzima kutushinda sote. Ameingia miaka sabini na tatu na bado anapanda darini mara tatu kwa siku kwenda kuangalia majirani wameanika nini. Idi tumeila salama. Baridi imeanza, ya kuongeza shuka ya pili tu, na baada ya lile joto la mwezi wa tisa tulipoingia kutoka Dubai, mimi mchana nakaa juani kwa makusudi.

Kifurushi chako nimekipata kwa mkono wa Marhoon, yule mtoto wa jirani yenu aliyekuja kutafuta kazi serikalini. Hiliki imefika, tangawizi imefika, kanga zote mbili nimeshazivaa. Na chupa ya marashi ya mawaridi nayo imefika, uliyoifunga peke yake katika kitambaa chekundu, na kile kikaratasi chako cha kila mwaka: "Ya mgeni wetu." Nimeiweka hapa mezani mbele yangu ninapoandika. Miaka ishirini na sita, dada, hukukosa hata mwaka mmoja. Hata ule mwaka wa sitini na nne, tulipotoka Unguja na nguo za mwilini, na kila mtu akitafuta pa kulala, wewe uliipata chupa ya marashi sijui wapi ukanitumia. Hiyo chupa ndiyo iliyonikalisha kuandika leo. Lakini niache nianze na jirani, maana bila jirani nisingeipata njia ya kuanzia.

Nyumba iliyoshikana ukuta na yetu wamepewa watu wa Japani. Bwana ni mhandisi, anaitwa Ogata, amekuja na kampuni yao kupima bandari, na Suud ndiye mkalimani wao. Mkewe anaitwa Fumiko. Ni mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mfupi, mpole, na ukikutana naye mlangoni anainama mpaka unaona haya, unainama na wewe, mnabaki mnainamiana. Wiki mbili za mwanzo sauti yake hatukuisikia kabisa. Kisha siku moja baada ya adhuhuri, wanaume wako kazini, tukasikia kishindo ukutani. Mtu anakanyaga, anakanyaga, ananyamaza, anapiga makofi, anakanyaga tena kwa kasi ambayo hata mwenye kutwanga hawezi. Vikombe vyangu vikatikisika kabatini. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa.

Bi Bakhita akapanda darini. Alikaa huko nusu saa, akateremka uso umemng'ara kama wa mtu aliyeletewa habari ya mjukuu. Akatuhadithia kwamba yule mwanamke mpole amevaa nguo nyeusi ndefu yenye mikunjo, shali nyekundu, ua kichwani, amesimama juu ya ubao wa sanduku kavingirisha mikono hewani, na uso wake si ule wa mlangoni. Uso wa mtu mwenye ghadhabu, kidevu juu. Na katikati anapiga ukelele. Jioni Suud aliporudi akaulizwa, yule mke wa mhandisi anasema lugha gani akiimba? Suud, maskini, hakujua anatumbukizwa wapi. Akajibu kwamba bwana mwenyewe kamwambia mkewe anapenda ngoma za Hispania, na maneno anayoimba ni Kihispania. Bi Bakhita akauliza, je, ameshakaa huko? Suud akasema hapana, hajafika hata siku moja.

Basi ikawa imekwisha. Bi Bakhita akapiga paja. "Mwanangu, nnakwambia, huyo ana pepo. Mjapani, mpole, hajatoka kwao, akipanda anasema Kihispania. Sasa hilo si pepo ni nini?" Nawe unamjua, dada, kwa mambo haya yeye ni kama kadhi. Wahabeshi kawaona, Wabuki kawaona, pepo wa kibara na wa kizungu kawatuliza kwa mkono wake huko Malindi ya Unguja, lakini Mhispania hajawahi kumwona maishani. Alifurahi ajabu. Mpaka asili yake akaipata: hizi ngome mbili za Maskati wamezijenga Wareno, Mreno na Mhispania ni majirani, kwa hiyo pepo huyo kaachwa ngomeni miaka yote akingoja mtu laini wa kumkalia, na sisi tuliomtangulia hapa sote tuna vichwa vigumu. Ramadhani ilipoingia na vishindo havikukoma, akashangaa kidogo, kwa sababu mashetani mwezi huo hufungwa. Alifikiri siku mbili. Akasema labda amri haijamfikia kwa lugha yake.

Mimi nilicheka kama unavyocheka wewe sasa. Nilicheka mpaka siku aliponigeukia.

Nilikuandikia kuhusu posa ya Masouda. Kijana anaitwa Sleyum, watu wao wa Quriyat, kasoma Kairo, ana adabu, na binti mwenyewe anamtaka ingawa anajitia hamtaki. Tulikubaliana harusi iwe baada ya Hija. Sasa Bi Bakhita, kwa kuwa mambo ya pepo yamemwingia kichwani upya, akaanza kusema kwamba Mhabeshi wangu, huyo mgeni unayemtumia marashi, ni wa kurithiwa. Mimi ni kiti chake, nina miaka thelathini na minane, naelekea kuchoka, na pepo mkubwa kama yule hakai bila kiti. Atamhamia Masouda. Afadhali basi binti atiwe chini ya shuka kabla ya kuolewa, Mhabeshi apande, ajitaje, akabidhiwe kwa heshima, kuliko kuja kumwangusha siku ya harusi mbele ya wakwe. Na kwa kuwa fundi wa kupunga pepo atakuja kwa ajili ya Mjapani, kazi zote mbili zifanywe siku moja. Fundi mwenyewe akapatikana kijiji cha Yiti, mwanamke wa Kimanga aitwaye Sayyida, na mama yake Sleyum akaalikwa aje ashuhudie, ili isije ikasemwa tumewaficha.

Masouda akaacha kula. Ninaposema akaacha, sizidishi. Siku ya tatu kanga ilikuwa inamdondoka kiunoni. Akamwambia baba yake haolewi. Kila kishindo cha nyumba ya pili kikianza, anasema ni kama anaitwa. Siku moja nikimsuka akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama inauma anapoingia, na kama mimi anaponipanda najijua au sijijui. Nilikuwa nimeshika chanuo. Mtu mwenye jawabu nilikuwa mimi, hakuwapo mwingine. Nikamwambia asali rakaa mbili, anywe maji, alale. Dada, nimeona mengi ya kutia uchungu tangu tutoke kwetu, lakini hakuna linaloniuma kama ile kauli yangu.

Alhamisi iliyopita ndiyo ikawa siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri. Kumwalika Fumiko niliachiwa mimi, kwa kile Kiingereza changu cha shuleni. Nifanyeje? Nimgongee mtu mlango nimwambie tunataka kumpunga pepo? Nikamwambia wanawake wa nyumba yetu wana ngoma, na wangependa aje na yeye acheze. Alishika kifua kwa mikono miwili, machozi yakamlenga. Akasema tangu afike hajaalikwa mahali. Akaniuliza kama atakuwa na nafasi ya ubao wake.

Akaja amevaa kila kitu: nguo nyeusi, shali, ua, viatu vyenye misumari kisiginoni, na mashine yake ya kanda inayotumia betri. Wanawake wamejaa ukumbini, ubani unafuka, chano cha pepo kimewekwa na marashi na mayai na halua. Masouda kakalishwa pembeni, shuka nyeupe mapajani ikingoja, rangi imemtoka. Mama yake Sleyum kakaa karibu na mlango, nadhani ili atoke haraka. Sayyida akamfukiza Fumiko kutoka miguuni mpaka kichwani, na Fumiko akainama akishukuru, akidhani ndivyo tunavyopokea wageni. Kisha akaweka ubao chini, akabonyeza mashine, gitaa likaanza.

Sijui nikuelezeje, dada. Alianza kwa kusimama tu. Alisimama muda mrefu mpaka wanawake wakaacha kunong'ona. Halafu mkono mmoja, halafu mguu, na miguu ikaanza kusema kitu kirefu, kwa hesabu, ikigombana na gitaa na kupatana nalo, na kidevu chake juu kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Sayyida alikuwa amekunja mikono tayari kumdaka. Bi Bakhita ananiambia kila dakika, sasa anaanguka, sasa hivi anaanguka. Hakuanguka. Alipiga vishindo vitatu vya mwisho, akasimama wima kama msumari, kanda ikakatika, akainama, akafuta jasho kwa kitambaa, akaomba maji.

Sayyida, kwa kuwa kazi ni kazi, akamkaribia akamuuliza pepo jina lake. Nikafasiri. Fumiko akasema Fumiko. Akauliza ametoka wapi. Akasema Tokyo, mtaa fulani karibu na stesheni. Akauliza anataka nini apewe. Fumiko akafikiri kwa adabu, akasema kama si usumbufu angependa kufundishwa ile ngoma ndogo iliyo mkononi mwa yule mama. Sayyida akarudi kukaa mahali pake. Bi Bakhita ndiye aliyeuliza, na hili aliuliza kwa dhati: nani basi aliyemtia mambo haya?

Hapo Fumiko akakaa chini kwenye mkeka akatuhadithia, nami nikifasiri kipande kipande. Akasema hakuna aliyemtia, amejifunza. Miaka minane, kila Jumatatu na kila Alhamisi, baada ya kutoka ofisini alikokuwa mpiga chapa, kwa mwalimu mwenye fimbo anayegonga sakafu mtu akikosea hesabu. Na si yeye peke yake. Akasema Tokyo kuna vyumba vimejaa wanawake namna hiyo, makarani, wauguzi, wake za watu, wanakanyaga mpaka wenye nyumba za chini wanapanda kulalamika. Wahispania wakija kucheza mikahawani huko, Wajapani wanakaa mbele kabisa na madaftari. Wengine wanajinyima miaka ili wasafiri mpaka Sevilla wakasome kwa wenyewe. Kaka yake aliacha kazi ya benki kwa ajili ya gitaa. Baba yao hakumsemesha miaka minne, na leo ana wanafunzi thelathini, na gitaa tulilolisikia kwenye kanda ni lake. Mama mmoja akauliza Wajapani wamekosa ngoma zao? Fumiko akacheka. Akasema wanazo, tena nzuri, na mama yake ni fundi wa hizo. Lakini tangu utoto kwao anafundishwa mtu kutuliza uso, kushusha sauti, kutembea asisikike. Siku ya kwanza alipomwona Mhispania akikanyaga, alisikia kwamba yale yote aliyoyanyamazia yana mahali pa kwenda. Tena pana sheria kali na hesabu ya mapigo kumi na mawili isiyokubali mchezo, na yeye anapenda kitu chenye sheria. Akasema anapocheza anajijua vizuri kuliko wakati wowote mwingine.

Nilipolifasiri neno hilo la mwisho, Masouda akaniangalia.

Fumiko akanyanyuka, akanishika mkono mimi niliye karibu, akaniweka juu ya ubao, akaanza kupiga makofi. Sayyida kwa mazoea akashika ngoma. Na mimi, dada, nikacheza. Macho wazi. Nikaona sura za watu, nikamwona binti yangu, nikaona kilemba cha mama yake Sleyum kimeteleza kwa kupiga makofi. Sikuanguka, sikutoka povu, sikusema Kihabeshi. Nilipochoka nikakaa nikaomba maji kama alivyoomba Fumiko. Kisha nikaichukua ile shuka nyeupe mapajani mwa Masouda, nikaikunja, nikairudisha sandukuni. Watu wakaniuliza na Mhabeshi je? Nikawaambia hayupo.

Sasa nisikilize, dada yangu, na kama umesimama, kaa.

Hakuwahi kuwapo. Siwasemei wengine, walio nao wanajua mambo yao. Mimi sikuwa naye. Ile siku uliponipitisha magofu ya Mtoni jua la utosi, tukipeleka chakula kwa shangazi, nilianguka kwa sababu nilikuwa sijala tangu usiku, nimenuna kwa ajili ya kanga niliyonyimwa. Hilo tu. Nilipozinduka nikakuta nimezungukwa, ubani, ngoma, na wanawake wananiambia nyanyuka, bibi, cheza. Nina miaka kumi na miwili. Unakumbuka baba alivyokuwa: mtoto wake wa kike ngoma aione kwa tundu la pazia, basi. Na mimi ngoma zilikuwa zinaniwaka miguuni tangu najua kutembea. Nikafumba macho nikacheza mpaka magharibi, na hakuna aliyenikataza, hata baba, maana nani atamkataza Mhabeshi? Kesho yake nilitaka kusema. Nikaogopa. Mwezi wa pili nikaanguka tena, safari hii kwa kusudi, na kila nilipotamani kucheza, nikaanguka.

Na lawama ukabebeshwa wewe. Ulipigwa kwa ajili ya magofu. Ulitolewa shule ukiwa umebakisha mwaka mmoja, ikasemwa msichana anayewapitisha wadogo zake mahali pabaya saa mbaya hawezi kuaminiwa njiani. Nilikuwa nyuma ya mlango baba alipokwambia. Nilikusikia ukilia ukiahidi kwamba utanitunza mimi na mgeni wangu maisha yako yote, na ahadi hiyo umeitimiza, chupa baada ya chupa, ukiwa na shida zako. Mimi nazipokea. Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwandikia, na kila mwaka naandika asante kwa marashi. Hukunipeleka kwa pepo, Mahbuba. Ulinipeleka kwa shangazi. Hukukosa kitu, tangu siku ile mpaka leo.

Nisamehe. Sitaki kulirembesha neno.

Masouda nilimwambia palepale jioni, kabla watu hawajaondoka, jikoni. Alinitazama, akaniuliza mara tatu kama ni kweli, kisha akafunua sufuria akala wali uliobaki kwa mkono, amesimama. Sasa analala mpaka jua linachomoza namwamsha kwa kumvuta mguu. Harusi iko palepale, na mama yake Sleyum ameagiza kwamba yule Mjapani asikose. Suud nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakasirika, kwa sababu miaka kumi na tisa hajathubutu kunijibu siku ya Alhamisi, siku ya Mhabeshi wangu. Nimemwambia atajibu zote kuanzia wiki hii. Bi Bakhita ndiye aliyeniumiza roho. Siku tatu hakunisemesha. Jana asubuhi akaniita nimfunge kilemba, akasema, "Mimi nlikuwa nnajua. Mhabeshi gani kila akipanda anataka mkate wa kumimina wenye hiliki nyingi, tena wa ukoko?" Akaongeza kwamba hata hivyo Fumiko anaye, ila wa kwake amesomeshwa. Leo Jumatatu wameanza kukaa pamoja darini, mmoja anafundishwa ngoma, mwingine anafundishwa kuhesabu mpaka kumi na mbili.

Nimeandika mengi na mkono umechoka, lakini kifua, dada, sikumbuki lini kilikuwa chepesi hivi. Naogopa jawabu lako na ninalitamani. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa karatasi nyingi, nitazisoma zote. Nipelekee salamu kwa shemegi, uwabusu watoto mmoja mmoja, na Masouda anakupa mkono. Suud anakusalimu sana, na Bi Bakhita anasema goti lipakwe mafuta ya nyonyo ya moto. Fumiko nimemwambia nakuandikia. Kainama upande wa Mombasa.

Chupa nimeifungua kabla ya kuanza barua hii. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nimejipaka mwenyewe. Yananukia vizuri, dada. Miaka yote hii sikuwahi kujua, maana nilikuwa nayamwaga chanoni.

Mdogo wako, peke yake,
Kheiria